Usitoboe Historia
Wasee, Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 na Winchester 1895, bunduki ya kuvuta leva. Ukirithi bunduki ya rika hiyo na macho yamechoka, dawa ni tundu la kulengea. William Lyman, Mmarekani, alipata hataza ya lake mwaka 1879. Unachungulia tu, jicho lenyewe linatafuta katikati. Sasa, uchague lipi? Mimi nasema lile linalokaa kwenye matundu ya skrubu ya kiwandani. Winchester nyingi za zamani zinayo, kwenye chuma cha shingo ya kitako. Ukishika drili utalenga poa, sawa, lakini umeharibu ushahidi wa jinsi ilivyoundwa. Na chuma kikishatobolewa, hakirudi. Ama mnaonaje?