Takwimu za elektroni katika metali

Takwimu za elektroni katika metali ni kanuni za kukokotoa jinsi elektroni huru zinavyogawana nishati ndani ya metali. Za kale ni za Maxwell na Boltzmann. Za kwanta, ambazo ndizo sahihi kwa metali, ni za Fermi na Dirac.

Nadharia ya Drude

Mwaka 1900 Mjerumani Paul Drude alizichukulia elektroni za metali kuwa gesi inayozagaa kati ya ioni. Mholanzi Hendrik Lorentz aliiboresha nadharia hiyo mwaka 1905. Ilieleza sheria ya Ohm, na hata ile ya Wiedemann na Franz (1853), kwamba uwiano wa upitishaji joto na upitishaji umeme unakaribia kuwa mmoja kwa metali zote zenye halijoto sawa.

Ilikwama kwenye joto. Metali yenye elektroni huru moja kwa kila atomu ilipaswa kufyonza juli 12.5 zaidi kwa moli kwa kila kelvini, juu ya juli 25 za mtetemo wa atomu. Vipimo havikuiona nyongeza hiyo.

Suluhisho la Sommerfeld

Wolfgang Pauli alionyesha mwaka 1925 kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ya kwanta. Mwaka uliofuata Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kivyake, walitunga takwimu zinazotii katazo hilo, na mwaka 1927 Arnold Sommerfeld wa Munich akazitumia kwa metali. Elektroni hujaza ngazi za nishati kuanzia chini hadi nishati ya Fermi, ambayo kwa shaba ni elektronivolti 7 hivi. Katika halijoto ya chumba, ni zile tu za karibu na kilele zinazopata ngazi tupu ya kupandia, ndiyo maana mchango wao katika ufyonzaji joto wa shaba haufiki hata asilimia 2 ya ule wa takwimu za kale.

Kazi hii nzuri ajabu ilifichua pia siri ya mafanikio ya Drude kwa sheria ya Wiedemann na Franz. Alikuwa amekuza uwezo wa elektroni kufyonza joto takriban mara 100, na kupunguza mraba wa kasi yao kwa kiasi kama hicho. Makosa mawili yakafutana. Elektroni za kilele katika shaba huenda karibu kilomita 1,600 kwa sekunde.

Sumaku

Pauli alieleza usumaku hafifu wa metali kwa takwimu hizohizo mwaka 1927.

Matumizi

Takwimu za kale zingali zinatumika kwa nusu vipitishi vyenye elektroni huru chache. Za Fermi na Dirac hutumika hata kwa nyota kibete nyeupe, kama alivyofanya Ralph Fowler mwaka 1926.