Mnato

Pindua chupa ya asali: inashuka kwa madaha kwa sababu inanata. Kutokana na kitenzi nata, wanafizikia wetu wamepata mnato, ule ukinzani wa ndani wa giligili inapotiririka. Neno safi kabisa.

Tatizo ni pale mnato unapotoweka. Mwaka 2005 huko MIT, Marekani, kundi la Wolfgang Ketterle lilipoza atomi za lithi-6 karibu na sifuri kabisa, likazikoroga kwa leza. Atomi hizo, zisizokubali kushiriki hali moja, zilikuwa zimeungana mbili mbili. Gesi ikajaa vimbunga vidogo vilivyojipanga safu safu, ishara kwamba inatiririka bila mnato. Kwa Kiingereza hali hiyo ni superfluid; kuiita “giligili kuu” kunanikumbusha mkurugenzi mkuu. Mimi napendekeza giligili isonata.