Kutoka Homa ya Mkojo Mweusi Hadi Upasuaji wa Moyo

Wamisionari, maajenti wa kampuni na wajenzi wa reli ile inayopita Kasaji kwenda Dilolo, huko Kongo, waliijua vizuri homa ya mkojo mweusi. Mtu aliugua malaria, akameza kwinini leo, kesho akaiacha. Ghafla chembe nyekundu za damu zikapasuka kwa wingi. Mkojo uligeuka mweusi kama kahawa, kisha ukakatika kabisa. Figo ndizo zilizomuua. Klorokini ilipochukua nafasi ya kwinini, karibu na 1950, ugonjwa ukapungua mno, ingawa madaktari wa Mbale na Soroti, mashariki mwa Uganda, wamekuwa wakiuona tena kwa watoto.

Damu iliyopasuka namna hiyo imewasumbua pia wapasuaji wa moyo. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, daktari John Gibbon alimuunganisha msichana wa miaka 18 na mashine iliyofanya kazi yote ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26, akaziba tundu moyoni mwake. Msichana alipona. Upasuaji wa namna hiyo ulifika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikafunguliwa 2015.

Lakini mashine ina gharama yake. Pampu na mipira huponda chembe nyekundu, himoglobini iliyomo ndani yake humwagika kwenye damu, na figo huumia. Kwa nini hilo liumize figo? Jibu lilianza kuonekana 1980, kwa mtafiti Robert Furchgott, New York. Alichukua vipande vya mshipa mkubwa wa sungura: vyenye utando wao wa ndani vililegea alipovitia dawa, vilivyokwanguliwa utando havikulegea. Utando ule mwembamba, ambao wengi waliudhani ni kitambaa tu cha kufunika ukuta wa mshipa, ulikuwa ukitoa kitu. Baadaye kilitambuliwa kuwa gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott na watafiti wenzake Ignarro na Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Himoglobini iliyomwagika huimeza gesi hiyo. Utando wenyewe umekwisha kujeruhiwa na uvimbe unaochochewa na mashine. Mishipa midogo ya figo hujikaza, na figo hukosa damu. Huko Xi'an, China, wagonjwa 244 waliopasuliwa vali za moyo walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa 2018, kuona kama kuwapa gesi hiyo kungelinda figo. Wengi wao moyo ulikuwa umeharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa, na inayowajeruhi vijana wetu vilevile. Waliopewa gesi hiyo, 50 kati ya kila 100 waliumia figo, wasiopewa, 64.

Nusu bado ni wengi mno. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kilichowekwa na wataalamu wa figo mwaka 2012: mkojo ukiwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa muda wa saa sita, figo zimeumia. Kwa mtu wa kilo 60 ni chini ya mililita 30 kila saa, na muuguzi wa Kasaji anaweza kuupima kwa chombo chenye alama na saa ya ukutani, kwa aliyerudi kutoka kupasuliwa moyo mbali na kwa mtoto wa malaria mwenye mkojo mweusi.