Kiporo Kilichopoteza Nyama

Wiki hii nawaletea kiporo. Msinune. Hata Waingereza, waliotawala karibu robo ya dunia kwa mbwembwe, wanacho chao, na kina historia ndefu.

Chakula chenyewe hukiita "bubble and squeak", yaani kinachotokota na kulia, kwa sababu ya ule mlio wake kikaangoni. Leo ukikiagiza katika mkahawa wa London utaletewa viazi na kabichi vilivyobaki jana, vikapondwa pamoja na kukaangwa hadi vikageuka rangi. Utaambiwa hicho ni chakula cha jadi. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya mitaani ya Waingereza. Jina hilo limo, na maana aliyoitoa ni nyama ya ng'ombe na kabichi. Kiazi hakitajwi. Mwaka 1806 Maria Rundell, katika kitabu chake cha mapishi, alielekeza kabichi ikaangwe, kisha juu yake vipangwe vipande vya nyama. Mwaka 1861 Isabella Beeton naye bado aliandika nyama. Kwa zaidi ya miaka 70, basi, aliyekuwa bwana wa sahani ile ni ng'ombe.

Nyama ilikwenda wapi? Sisemi ni vita peke yake, lakini vita vilikuwa na mkono mrefu. Mgao wa chakula ulianza Uingereza Januari 1940, na Machi mwaka huo ikafika zamu ya nyama, ambayo kila mtu aliipata kwa kiasi cha fedha kilichowekwa. Viazi na kabichi havikuwekewa mgao wakati wote wa vita. Serikali ilihimiza watu walime bustani, na hata Hyde Park, katikati ya London, ililimwa mboga. Mama aliyezoea kubakiza nyama ya Jumapili sasa hakuwa na cha kubakiza. Alikaanga alichokuwa nacho.

Mgao wa nyama ulikwisha Julai 1954, baada ya miaka 14. Piga hesabu, ndugu yangu. Mtoto aliyezaliwa mgao ulipoanza alikuwa sasa kijana. Kwake yeye kiazi na kabichi ndiyo mila yenyewe. Nyama ikarudi buchani, lakini katika kikaango kile haikurudi. Jina likabaki lile lile.

Mimi siwacheki. Natoa heshima kwa wapishi wale waliolinda jina la chakula wakati wa dhiki. Ila tukisikia mtu anasema kwa kujigamba, "Hivi ndivyo walivyokula wazee wetu," tumuulize kwa adabu: wazee wa mwaka gani, na siku hiyo walikosa nini?