Kafyu, Mbwa Aliyelala Mlangoni

Kafyu ametuacha, na wiki nzima watu wananiambia, "Si alikuwa mbwa tu!" Sawa. Basi niwape historia ya huyo mbwa tu.

Tarehe 27 Machi 2020 ndiyo siku kafyu ya korona ilianza Kenya. Jioni ile pale feri ya Likoni polisi walirusha vitoza machozi, watu wakachapwa, na wote walichotaka ni kuvuka wafike nyumbani kabla ya saa moja. Nilipovuka nikakimbia, na karibu na kwetu nikamkuta mtaroni: mtoto wa mbwa koko, anatetemeka kuliko mimi. Nikambeba. Jina likaja lenyewe.

Nyanya hakutaka kusikia. Mbwa ni najisi, haingii ndani, kwisha maneno. Kwa hivyo Kafyu akawa analala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Ijumaa moja nyanya alimaliza kusoma Suratul Kahf, akamtazama sana. Wale vijana walilala pangoni miaka 309, na mbwa wao alikaa mlangoni vivyo hivyo. Nyanya hakusema kitu. Jioni nikamwona anamwekea maji.

Kafyu ya serikali iliondolewa 20 Oktoba 2021. Kafyu wetu alibaki mlangoni mpaka Jumanne iliyopita.

Jana nilitaka kutupa bakuli lake. Nyanya akanikataza.

Kama Mungu hakumtoa mbwa kwenye kisa cha pangoni, mimi ni nani nimtoe kwenye historia yangu?