Kumbikumbi wakijaa nyumbani: angalia wametokea wapi kabla ya kupuliza dawa

Mvua ya kwanza ya vuli au masika ikishapiga Bagamoyo, jioni yake kazi ni moja: kumbikumbi. Wanazunguka taa ya barazani, wanadondokea kwenye chai, asubuhi sakafu imejaa mabawa. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza. Mara nyingi ni hela ya bure, maana kumbikumbi anayeruka hatafuni mbao, na wengi wao hufa usiku uleule au kesho yake. Cha kuangalia ni walikotokea.

Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, wafalme na malkia watarajiwa. Ardhi ikilainika wanatoka chini kwa pamoja, wanaruka kidogo, wanaangusha mabawa, kisha dume na jike wanafuatana kutafuta pa kuchimba. Wengi huishia kwa kuku, mijusi na vyura. Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya huishia kwenye kikaango pia, ila wasichanganywe na senene wa Bukoba, ambao ni jamii ya panzi. Waliopuliziwa dawa wasiliwe, na kuku wasipewe.

Sisimizi nao huota mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa na kiuno kinene. Sisimizi kiuno chake kimebanwa, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Yule mkubwa wa kahawia kama soseji, anayejigonga kwenye balbu, ni dume la siafu. Mbao hazimhusu.

Kama wanatoka nje, zima taa za ndani nusu saa hivi. Acha moja tu, mbali na mlango, na chini yake weka beseni la maji, watatumbukia wenyewe. Kitambaa chini ya mlango, wavu madirishani, asubuhi ufagio. Basi.

Wakitokea ndani, hapo ni habari nyingine. Wanachomoza kwenye ufa wa sakafu, chini ya fremu ya mlango au darini, au unakuta rundo la mabawa kwenye dirisha lililokuwa limefungwa. Maana yake mchwa wana makao chini ya nyumba au ndani ya kuta, na si ya mwezi jana: kundi huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi.

Hili huwakuta sana wanaojenga kwenye viwanja vipya, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Zinga. Kichuguu kinasawazishwa kwa jembe, nyumba inapanda juu, na malkia yuko palepale chini anataga. Visiki na vipande vya mbao za fundi vinavyofukiwa kwenye kifusi ndiyo chakula cha kuanzia. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ambazo mchwa huzipata kwa taabu. Mbao laini za kisasa, kama paini isiyotiwa dawa, hazina ubishi huo.

Tafuta mirija ya udongo ukutani, kwenye msingi, nyuma ya kabati. Gonga fremu, ikilia kama debe tupu, imeliwa ndani. Vunja kipande cha mrija kisha rudi baada ya siku chache. Ukiwa umezibwa upya, wapo kazini.

Kupuliza ukutani hakumfikii malkia. Dawa ya mchwa inatiwa kwenye udongo kuzunguka msingi na chini ya sakafu, na rahisi zaidi ni kuitia kabla jamvi halijamwagwa. Oili chafu ambayo wengi hupaka nguzo inachafua udongo, na mchwa huizunguka wakipata upenyo. Sumu kama aldrin na dieldrin, zilizotumika sana zamani, ziliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu zinakaa ardhini miaka mingi. Dawa inayonunuliwa iwe na lebo na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Na kama kuna kisima uani, fundi aambiwe kabla hajachanganya dawa: mchanga wa pwani hupitisha maji haraka.