Baraza la Bao katika Pwani ya Kusini: Historia Fupi

Ikiwa taasisi ni jamaa ya watu waliokubaliana juu ya kaida, wakazirithishana kizazi baada ya kizazi, wakamheshimu azishikaye na kumtenga azivunjaye, basi baraza la bao, ambalo msafiri aliyevuka feri ya Likoni akashika njia ya kusini hulikuta Tiwi na Ukunda, Gazi na Msambweni, hata kufika Vanga mpakani, lastahili kuandikiwa tarehe yake kama chama chochote chenye katiba, mhuri na sanduku la fedha. Halina mwenyekiti, wala daftari la wanachama, wala siku ya kuasisiwa iwezayo kuadhimishwa kwa hotuba. Na kwa sababu hiyo waandishi wa habari hulipita kando kila mwaka wakikimbilia mambo yenye mabango. Maandishi haya yanakusudiwa kuwa kumbukumbu ya baraza hilo na ya mafundi waliolikalia, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki pasipo majina yao kuingia katika kitabu.

Asili ya mchezo wenyewe ni ya kale. Bara, karibu na Nakuru, mahali paitwapo Hyrax Hill, yako mashimo ya bao yaliyochimbwa katika mwamba na mikono ya watu ambao hatujui hata walijiitaje. Lakini bao la Kiswahili, lile la safu nne na kete sitini na nne, ni mali ya Pwani na visiwa vyake, na sharia zake kuu ni zile zile Unguja, Tanga na Msambweni. Jambo hilo si la ajabu kwa mwenye kuijua tarehe ya mahali hapa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulipochora mstari kutoka mlango wa mto Umba kwenda bara, uligawa himaya, lakini haukuweza kugawa jamaa za Vanga na jamaa za upande wa pili, ambao waliendelea kuoana, kuzikana na kucheza bao. Na ukanda wa maili kumi, uliokiriwa kuwa ni mali ya Sultani wa Zanzibar, ulibaki chini ya jina lake mpaka hati za tarehe 8 Oktoba 1963 zilipoukabidhi kwa Kenya, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Mahakimu na majumbe walibadilika, bendera zilishuka na kupanda, na fundi wa Gazi aliyepanda chombo kwenda Unguja alipofika huko hakuhitaji kufundishwa upya pa kuanzia.

Yafaa sasa sharia zenyewe zielezwe, kwa kuwa historia ya baraza isiyotaja sharia ni maganda bila ya kokwa. Ubao una safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete thelathini na mbili, ambazo kwa desturi ni mbegu za komwe. Shimo la tano la safu ya mbele, ukihesabu kutoka kushoto kwa mwenyewe, huchongwa pembe nne, nalo ndilo nyumba. Mchezo huanza nyumba ikiwa na kete sita, na mashimo mawili yaliyo kuliani mwake yakiwa na kete mbili mbili. Ishirini na mbili zilizosalia hukaa mkononi, na kila zamu moja hutiwa ubaoni. Hatua hii huitwa kunamua. Atiaye kete katika shimo lake la mbele lililo na kete, na shimo la mwenziwe linalolikabili nalo lina kete, amekula. Na awezaye kula ni lazima ale, hata kama kula huko kwamtia hatarini. Alichokula hukigawa moja moja kuanzia kichwa, ndilo shimo la mwisho la safu ya mbele, la kulia au la kushoto. Na kete ya mwisho ikiangukia shimo lisilo tupu, safari huendelea, hula tena au huokota na kugawa, mpaka itakapotua mahali patupu. Ikitua nyumbani ilhali nyumba ina hadhi yake, mwenyewe ana hiari ya kulala hapo au kuivunja na kusafiri nayo. Asiyeweza kula hutakata, yaani huzungusha kete zake upande wake mwenyewe, na zamu hiyo hana haki ya kula hata njia ikimfungukia.

Kete za mkononi zikiisha huingia hatua ya pili, ya mtaji, ambamo mchezaji huanza kwa shimo lolote lake lenye kete mbili au zaidi. Lakini shimo lililojaa kete kumi na sita au kupita haliruhusiwi kuanza kwa kula, sharia ambayo wageni huisahau na wenyeji hawaisamehe. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imekauka, au ambaye amebakiwa na kete moja moja tu asiweze kuondoka. Akifikwa na msiba huo kete zikali mkononi, ushindi huo huitwa mkononi, na mwenye kuupata hutembea siku hiyo kama mwenye arusi.

Katika sataranji, mchezo uliotoka India ukapita Uajemi na Baghdad hata ukafika kwetu na jina lake la Kiarabu, kitunda kilichokamatwa hutoka ubaoni, na uwanja huzidi kuwa mweupe kadiri vita viendeleavyo. Katika bao hakuna kete itokayo. Zikiisha kutiwa, zote sitini na nne zimo ubaoni mpaka mwisho. Hubadilisha wenyewe tu, na aliyekuwa tajiri kwa zamu moja huweza kuwa fukara kwa zamu ifuatayo. Tena bao halina sare. Mambo haya mawili, kwamba mali haipotei na kwamba lazima mmoja ashinde, ndiyo yaliyoifanya kaida ya baraza iwe kama ilivyo.

Kaida hiyo ni fupi: ashindaye hukaa, ashindwaye huinuka, na aliyetangulia kuweka zamu ndiye aingiaye. Hakuna ratiba, hakuna ada ya kuingia, hakuna kura. Baraza hukusanyika baada ya sala ya alasiri na kuvunjika kwa adhana ya magharibi. Na majira ya kusi, bahari ya nje ya mwamba ichafukapo na wavuvi wengi wakalazimika kubaki nchi kavu, huweza kuanza mapema zaidi na kujaza watu kuliko siku nyingine zote. Mtazamaji ana ruhusa ya mzaha, kwa kuwa kejeli zake ni sehemu ya mchezo na mchezaji asiyeweza kuzistahimili bado hajakomaa, lakini hana ruhusa ya kuonyesha shimo kwa kidole. Kete iliyokwisha kutiwa shimoni haiondolewi. Mdogo hukaa na mkubwa wake kitako kimoja, humshinda akiweza, kisha humwamkia shikamoo akiondoka.

Kamari ndiyo iliyokatazwa kwa ukali kuliko yote, na hapa fikihi ilikuwa msaada mkubwa kwa baraza. Watu wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na ulamaa wa madhehebu hayo, walipoitolea hukumu sataranji, waliihesabu kuwa ni makuruhu madamu haina dau na haimchelewishi mtu na sala, ilhali mchezo wa dado waliukataza kwa sababu hutegemea bahati. Wazee wa baraza waliupima mchezo wao kwa mizani ile ile: bao ni hesabu tupu, halina bahati ndani yake, basi likiepushwa na fedha na likavunjwa kwa adhana, lina nafasi yake mjini. Nathubutu kusema kwamba bila ya masharti hayo mawili baraza la bao lisingaliweza kudumu mbele ya msikiti, mahali ambapo aghalabu ndipo lilipo.

Je, kaida ya ashindaye hukaa ni njia njema ya kumpata bingwa? Kwa jioni moja, hapana. Kwa miaka ishirini, sijui iliyo bora kuliko hiyo. Fundi huchezeshwa mfululizo na watu walioketi wakimsoma, naye hupata mazoezi mengi kuliko wote kwa sababu ndiye asiyeinuka. Na mwanafunzi, kwa kuwa akishindwa hungoja zamu ndefu, hujifunza kutazama kabla ya kujifunza kucheza. Hivyo ndivyo baraza lilivyokuwa skuli pasipo mwalimu kulipwa. Mtaalamu Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao wa Unguja, aliwatafiti watu waliolelewa na mabaraza ya namna hii. Na kabla yake, mwaka 1982, Philip Townshend alikuwa amekwisha kuandika kwamba ndani ya bao mna maadili ya Waswahili. Mwalimu Nyerere naye, ambaye hakuzaliwa Pwani, alilipenda bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zimeenea.

Mashindano rasmi, yale yenye hema, kipaza sauti na zawadi, ni mambo ya karibuni. Lamu wanayo katika tamasha lao la utamaduni, pamoja na mbio za punda na za majahazi, na sina ila sifa kwa wayaandaao. Lakini popote pafanywapo mashindano ya siku moja, njia ipendwayo na waandalizi ni mtoano, kwa kuwa ni nyepesi: washindani kumi na sita humalizwa kwa michezo kumi na mitano. Wepesi huo una gharama yake. Nusu ya watu, ambao pengine wametoka Lungalunga na Shimoni kwa nauli zao, hucheza bao moja wakarudi makwao. Na mafundi wawili wakikutanishwa na kura asubuhi, mmoja wao huhesabiwa sawa na mwanafunzi. Ulimwengu wa sataranji ulikwisha kulionja hilo London mwaka 1851, katika mashindano ya kwanza ya kimataifa, yaliyokuwa ya mtoano wa watu kumi na sita: Lionel Kieseritzky, fundi mkubwa wa Paris, aliangukia kwa kura mikononi mwa Adolf Anderssen, aliyekuja kuwa mshindi wa yote, akatolewa katika duru ya kwanza.

Wakaja London tena mwaka 1862 na utaratibu wa kila mmoja kucheza na kila mmoja, ambao ni wa insafu kamili lakini kwa watu kumi na sita wahitaji michezo mia na ishirini, nasi magharibi yetu haingoji. Ndipo Mswisi Julius Müller, katika mashindano ya Zürich ya mwaka 1895, alipotumia njia ya kati: hakuna atolewaye, kila duru mwenye ushindi mwingi hukutanishwa na aliyelingana naye, wala wawili hawarudiani. Nadhani njia hiyo yalifaa bao kuliko inavyoifaa sataranji yenyewe, kwa sababu ile niliyoitaja ya kutokuwapo sare: watu kumi na sita, duru nne, michezo thelathini na miwili, na mwisho wake lazima abaki mmoja peke yake asiyeshindwa, na kila aliyekuja amecheza mara nne. Saa ya wachezaji, iliyotumika London mwaka 1883, siisifu kwa bao. Fundi wa baraza hucheza kwa haraka kuliko saa yoyote, na mwenye kukawia hushughulikiwa na ndimi za watazamaji.

Hukumu moja tu ndiyo ambayo baraza halikuiwekea kaida, nayo ni ya mzunguko usiokwisha, yaani kete zinapogawika na kuokotwa bila ya kutua. Kwa hesabu yawezekana zisitue kamwe, na wataalamu wa Uholanzi waliolifundisha bao kwa kompyuta walilazimika kulifikiria jambo hilo. Barazani wazee huamua papo hapo na neno lao hupita. Katika mashindano yenye zawadi, neno lisiloandikwa huzaa ugomvi.

Kwa sasa mambo hayaendi vizuri. Vibao viuzwavyo kwa watalii katika vibanda vya Diani vingi vina safu mbili tu, vyenye ndovu na twiga waliochongwa pembeni, na mtoto aliyezaliwa jirani ya vibanda hivyo aweza kukua akidhani hilo ndilo bao. Vijana wana michezo ya simu, na siwalaumu, maana hakuna aliyewaita.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yakiri kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa. Jedwali lake la Nne limeziachia serikali za kaunti shughuli za michezo na utamaduni. Na sharia ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezitaka kaunti ziwe na daftari la maarifa hayo. Kwa hiyo ombi letu kwa kaunti ya Kwale ni dogo, wala halihitaji jengo: wazee wa Msambweni, Gazi, Diani na Vanga waitwe wakae pamoja siku chache, sharia za bao kama wazijuavyo ziandikwe kwa Kiswahili pamoja na hukumu ya mzunguko usiokwisha, ziingizwe katika daftari hilo, na kila skuli ya msingi ipelekewe nakala moja na ubao mmoja wa safu nne.